Kabla ya tarehe 1 Mei, siku ya mwisho ya kuamua chuo

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa juzi kuhusu Swarthmore, kile chuo kidogo cha Marekani karibu na Philadelphia, nimeusoma mara tatu, na kila mara naganda palepale unaposema: "Baba, chuo chenyewe ni kidogo mno, nitakizoea mwaka mmoja kisha nitabanwa." Jambo hili si la kumaliza kwa simu.

Kuna kitu sijawahi kukusimulia. Mimi nilisoma chuo kikubwa, na mwaka wa kwanza nilikaa kwenye ukumbi wa watu mia nne, safu ya nyuma, karibu na mlango. Nilipapenda pale. Hakuna aliyeniuliza swali, na siku nisiyokwenda hakuna aliyejua. Mitihani nilifaulu. Mwaka wa mwisho nikahitaji barua ya mapendekezo, nikabisha hodi kwa mhadhiri aliyenifundisha mihula mitatu. Alinikaribisha vizuri, akafungua daftari la alama, akashusha kalamu taratibu kwenye ile orodha ndefu ya majina, kisha akaniuliza, "Wewe ni yupi hapa?" Hakuwa na ubaya wowote. Aliniandikia mistari minne, yote ikitaja alama zangu tu, kwa sababu hakuwa na kingine cha kusema juu yangu. Tangu upate nafasi Swarthmore, ile kalamu inanijia kila mara.

Nawe umerithi safu yangu ya nyuma. Walimu wako wote wa sekondari waliniambia neno moja: anajua, lakini hasemi. Chuo chenye wanafunzi wapatao 1,600, ambako kwa wastani kila wanafunzi wapatao wanane wana mwalimu mmoja, hakina pa kujificha. Ukinyamaza darasani mkiwa watu kumi, kimya chako kinasikika. Ndiyo maana sikubaliani na unaposema udogo ni suala la burudani tu. Kwako wewe ni suala la masomo kwanza. Na pale hakuna wanafunzi wa uzamili wala uzamivu wa kuwaachia madarasa. Anayekufundisha ni profesa mwenyewe, na akihitaji msaidizi katika utafiti wake, atamtafuta miongoni mwenu.

Lakini usikubali maneno mazuri ya vitabu vya matangazo, hata haya yangu. Unataka hisabati. Fungua ratiba ya masomo ya muhula huu na ya mihula mitatu iliyopita, zile ratiba zenye siku na saa, siyo orodha ya jumla ya kozi. Hesabu kozi za juu za hisabati zilizofundishwa kweli. Idara ndogo ina tatizo lake: mwalimu mmoja akienda likizo ya utafiti, kozi yake inaweza kukaa mwaka mzima bila kufundishwa, na huo ndio mwaka uliokuwa ukiihitaji. Uliza pia mwanafunzi mwenye kasi akimaliza kozi za juu kabla ya mwaka wa nne anafanya nini. Najua mnaruhusiwa kuchukua masomo kwenye vyuo vya jirani, Haverford na Bryn Mawr, hata University of Pennsylvania mjini Philadelphia. Ni msaada mkubwa. Ila kozi ya chuo kingine ina safari ndani yake, kwa hiyo pima muda wote wa kwenda na kurudi, siyo ule wa darasani peke yake.

Mambo mawili ya pale yamenigusa, nakiri. Muhula wa kwanza wa mwaka wa kwanza hupewi alama za herufi. Ni kupita au kutopita. Kwa mtoto anayeogopa kukosea mbele za watu, hiyo ni miezi ya kujifunza kufungua mdomo. La pili ni ule mpango wao wa "Honors", yaani masomo ya kina ya ngazi ya juu, ulioanza mwaka 1922, ambao mwishoni wanafunzi hutahiniwa na wataalamu wa kutoka nje ya chuo. Mwalimu wako anakaa upande wako, mnajiandaa pamoja kukabili mgeni.

Sasa maisha ya nje ya darasa, kwani hapo hofu yako ina haki. Unakumbuka tuliposhuka kwenye treni? Stesheni iko chini kabisa ya mlima wa chuo, tukapanda ile njia ya mialoni hadi kwenye kile kiti kikubwa cheupe cha mbao, ukakaa miguu ikining'inia kama ulipokuwa na miaka mitano. Pazuri sana. Lakini tulikwenda mchana, siku ya kazi. Mji wenyewe ni maduka machache, na karibu wanafunzi wote wanaishi chuoni. Ukikosana na rafiki, utakutana naye kwenye bwalo asubuhi, mchana na jioni. Philadelphia iko kama kilomita 18 tu, ila mji ulio karibu haukusaidii kama hakuna anayekwenda.

Kwa hiyo wakikualika kulala chuoni, lala Jumamosi. Usiwaulize wanafunzi kama wanakipenda chuo. Wageni huambiwa ndiyo. Waulize wa mwaka wa tatu, Jumamosi iliyopita ulikuwa wapi saa nne usiku, na nani? Majibu ya watu watano yatakutosha. Tazama pia kama kwaya inapokea mtu asiyesomea muziki, maana wewe bila kuimba unanyauka, mama yako na mimi tumeshaliona hilo.

Kuhusu Haverford, ambacho nacho unakifikiria, sina mengi. Ile desturi yao ya kufanya mitihani ya mwisho bila msimamizi nimeipenda, ila ni chuo kidogo zaidi, kwa hiyo maswali ni yaleyale. Ada tutazungumza tukionana, usiiweke kwenye mizani yako kwa sasa.

Ukiniuliza moyo wangu, uko Swarthmore, mradi hesabu ya kozi isituangushe. Ikionyesha upungufu, nenda kile chuo kikubwa cha serikali ya jimbo, nami nitakusindikiza kwa furaha, lakini utaniahidi kukaa safu ya mbele.

Nitapiga simu Jumapili jioni. Uwe na zile ratiba mbele yako, tuzisome pamoja mstari kwa mstari.

Baba yako