Redio Inawaka, Mbona Haisikiki Ng'ambo ya Likoni?

Lalamiko la wateja wetu ni lile lile: "Kuflashi redio ni dakika kumi, mbona mwatutoza hivyo?" Kuflashi ni kuandika upya chipu ya kumbukumbu ya redio, na kuandika kweli ni dakika chache. Mnalipia yanayotangulia kuandika.

Kumbukumbu ya redio ya DMR (redio ya kidijitali ya kuitana) hubeba programu inayoiendesha, chaneli zenu (masafa, msimbo wa rangi, sloti, namba ya redio) na vipimo vilivyowekwa kiwandani kwa redio hiyo moja tu. Vipimo hivyo ndivyo vinavyoituliza kwenye masafa na kuipa nguvu sahihi ya kutuma. Redio mbili za modeli moja, hata zikitoka sanduku moja, vipimo vyake havifanani.

Sasa njia ya mkato: mtu anasoma chipu ya redio isiyoharibika, anaimwaga yote kwenye ile iliyokufa. Inawaka, chaneli zinaonekana, mteja anashukuru. Kumbe masafa yamehama na nguvu imeshuka. Karibu mwasikilizana, mkiachana kidogo maneno yanakatika. Na namba ni moja, kwa hiyo ukimwita mmoja zinaita mbili. Tumeletewa redio za walinzi wa hoteli moja ya Nyali, zote zajiita "Geti 1".

Sisi twaanza kwa kufungua. Hapa pwani, hasa redio za mashuani, chipu mara nyingi ni nzima ila chumvi imekula miguu yake: utaona ukijani kwenye risasi ya kulehemu. Alkoholi ya isopropili, brashi, miguu ichomewe upya, kazi imekwisha, wala hakuna kilichoandikwa.

Ikibidi kusoma, klipu ya kubana chipu ikiwa bado kwenye bodi hudanganya, kwani umeme wake huiamsha prosesa nayo ikagombania laini zile zile. Chipu ya kumbukumbu ya W25Q128 ikiulizwa utambulisho kwa kawaida hujibu EF 40 18. Ikijibu FF tupu, ama klipu haikushika ama chipu imekufa. Twasoma mara mbili na kulinganisha. Ikitofautiana hata baiti moja, twaing'oa kwa hewa moto, sehemu za jirani zikiwa zimefunikwa tepu ya joto. Na jihadharini na programa (vifaa vya kusomea na kuandikia chipu) za CH341A za bei ya chee: nyingi hupeleka volti 5 kwenye laini za data, na chipu ni ya 3.3.

Nakala ya asili huwekwa kabla ya kufuta chochote. Twabadilisha sehemu iliyoharibika tu, kisha redio yapimwa masafa na nguvu kwa mashine. Mje pia na leseni yenu ya masafa kutoka Mamlaka ya Mawasiliano. Masafa ya kuokota hatuingizi, hata mkibembeleza.

Redio iliyokwisha kumwagiwa faili ya mwenziwe twaipokea, lakini kama nakala ya asili haipo, hiyo ni bei ya kupima upya, si ya kuflashi.