Barua kwa shangazi: mkamwana aje Dar kujifungua?

Shangazi, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Unataka mkamwana wako, mimba ikifika miezi tisa, apande basi kutoka Masasi aje ajifungulie kwangu Mbagala, maana "mjini hospitali ziko jirani, mtoto hafi." Maneno hayo nayasikia kwa wengi, ndiyo maana nakujibu hapa hadharani.

Mtoto wa mjini anakufa, shangazi. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini, 43 hawafikishi mwaka. Ule wa 2022 ukakuta 33. Hapo tumshukuru Mungu, na chanjo za nimonia na kuhara zilizoanza 2013 zimo katika shukrani hizo. Sasa tazama wanaofariki ndani ya mwezi wa kwanza: walikuwa 25, wakawa 24. Ni kama hatujasogea. Na ule wa 2015-16 ulionyesha vichanga wa mjini wakifa zaidi ya wa vijijini. Mjini huku huku kwenye lami na taa!

Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 Dar, na wodi za wazazi hazikukua kwa kasi hiyo. Mama akishashikwa na uchungu hasa, mapigo ya moyo wa mtoto yanatakiwa yasikilizwe walau kila nusu saa. Niliwahi kumsindikiza jirani yangu, mimba yake ya kwanza. Kutoka mlangoni nilimwona nesi mmoja akihangaika na vitanda vyote: huyu anasukuma, yule anatapika, wa pembeni anaita mama yake. Kipimo cha kusikilizia mapigo kilikuwa mfukoni mwa koti lake. Nafasi ya kukitoa ndiyo hakuipata. Mtoto akazaliwa amechoka, halii. Mtoto wa hivyo anatakiwa akaushwe, asuguliwe mgongo, na asipopumua apewe hewa kwa kinyago ndani ya dakika ile ile ya kwanza. Mikono ya nesi ilikuwa kwa mzazi mwingine. Yule mtoto hakumaliza wiki. Nesi simlaumu, mimi ningeshaacha kazi siku nyingi.

Wengine huondoka kwa kuzaliwa njiti, wengine kwa maambukizi. Njiti anahitaji joto, abanwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, na wodi iliyojaa hadi wazazi wawili kitanda kimoja haimpi mama hata pa kuegemea.

Kwa hiyo usimlete dakika za mwisho na kadi mkononi, kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa usiku, afike mahali ambapo hakuna anayemjua. Waulizeni kliniki huko huko. Wakisema mimba haina tatizo, ajifungulie huko. Kama ni mapacha, presha au alishawahi kupasuliwa, wawaambie mapema aende wapi. Hospitali ya Ndanda haiko mbali nanyi. Wakiona lazima aje Dar, aje mimba ikiwa ya miezi saba, aanze kliniki hapa.

Na ile dawa yako ya kupaka kitovu, tafadhali, ibaki kabatini. Kitovu kiachwe kikavu. Nauli ya gari la kwenda Ndanda nitaituma wiki ijayo, mkae nayo, msije mkaanza kuchangishana usiku wa uchungu.