Tone la mafuta juu ya maji

Leiden, Uholanzi, 9 Novemba

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila baridi ya huku inakata masikio. Barua yako nimeipata pamoja na ile chupa ya mafuta ya nazi, na nimecheka peke yangu uliponiandikia kwamba mama anawaambia majirani nimevuka bahari kwenda kumwaga mafuta kwenye maji. Hajakosea, ndiyo kazi yenyewe. Lakini wewe unayeshinda na watoto njiti lazima nikueleze, maana inakuhusu.

Nina beseni la Teflon ambalo kina chake hakifiki urefu wa kidole. Nalijaza maji safi kabisa. Kisha nachukua fosfolipidi, yale mafuta yanayojenga utando wa seli, yakiwa yameyeyushwa kwenye klorofomu, nayadondosha kwa sindano. Nasubiri dakika 10 hivi klorofomu iruke. Kinachobaki hukioni kwa macho: utando wenye unene wa molekuli moja, kama nanomita 2 na nusu. Kila molekuli ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia, basi zinakaa kama bata wanaotafuta chakula bwawani, vichwa majini, mikia hewani. Halafu kuna kizuizi kinachosogea polepole kuzibana, na kipande cha karatasi kinachoning'inia kinapima maji yanakivuta kwa nguvu gani. Nafasi ikiwepo, mikia inalala hovyo. Ukizibana zinasimama wima. Ukizidi, utando unakunjika.

Sasa sikia kituko. Jumanne nilijipaka yale mafuta yako mikononi, nikavaa glavu, nikajiona mjanja. Sijui niligusa nini kabla ya glavu, lakini vipimo vilianza kupanda hata sijadondosha kitu! Siku nzima nimesugua beseni. Alama ya kidole kimoja tu inatosha kuharibu kila kitu.

Beseni hili asili yake ni jikoni, ujue. Agnes Pockels, Mjerumani wa Braunschweig ambaye chuo kikuu hakukanyaga, aliyachunguza maji machafu ya vyombo akiwa nyumbani, akajitengenezea chombo cha bati cha kupimia. Mwaka 1891 alimwandikia barua mwanafizikia Lord Rayleigh kule Uingereza, naye akaomba ichapishwe kwenye jarida la Nature. Barua tu, kama hii yangu.

Na hapa hapa Leiden, mwaka 1925, Evert Gorter, daktari wa watoto, pamoja na François Grendel, walichukua damu ya watu, mbwa, kondoo, sungura, hata mbuzi. Wakatoa mafuta ya seli nyekundu kwa asetoni, wakayatandaza juu ya maji, wakapima eneo. Yalifunika mara mbili ya eneo la seli zenyewe. Basi, wakasema, utando wa seli una tabaka mbili, mikia ikielekeana ndani. Ni kweli. Lakini asetoni ilikuwa imeacha mafuta mengine nyuma, na eneo la seli walilikadiria dogo kwa sababu walipima seli zilizokauka. Kosa moja likafuta jingine! Mwalimu wetu wa hesabu angewapa sifuri kwenye njia na alama zote kwenye jibu. Mimi inanikera na kunifurahisha kwa pamoja.

Nisikudanganye, mimi ninachopima ni upande mmoja tu wa chapati. Seli ina tabaka mbili, na protini zinazopenya zote mbili hazikai sawasawa kwenye utando wangu. Ila kuna mahali mwilini ambapo tabaka moja linakaa juu ya maji, mikia ikitazama hewa, karibu sawa na kwenye beseni: ndani ya vifuko vya mapafu. Maji matupu yanajivuta kwa nguvu ya miliniutoni 72 kwa mita. Nikiyabana mafuta ya aina ile iliyo nyingi mapafuni, mvutano unashuka karibu na sifuri. Mtoto njiti ambaye hana mafuta haya ya kutosha, kila akitoa pumzi vifuko vinanywea, na kuvifungua tena ni kazi kama kupuliza puto jipya. Watafiti Mary Ellen Avery na Jere Mead walilionyesha hilo mwaka 1959. Wewe hukuhitaji beseni kulijua. Unaziona mbavu zikibonyea na kuusikia ule mguno. Na zile sindano za deksamethazoni mnazowachoma akina mama uchungu unapowahi, zinayaharakisha mapafu ya mtoto yaanze kutengeneza mafuta haya haya.

Wale pacha wa wiki 30 ulioniandikia wanaendeleaje? Yule mdogo ameshatoka kwenye oksijeni? Niandikie hata mistari miwili.

Mafuta ya nazi usiache kutuma. Nitajipaka usiku.

Wako,
Mwanaidi