Mnyonge mnyongeni, Warren Moon haki yake mpeni

Mpwa wangu,

Orodha yako ya makwotabeki watano bora wa wakati wote, yaani warusha mpira wanaoongoza mashambulizi ya timu, nimeiona kwenye kundi la familia, na imezua mjadala mpaka kwa shangazi zako ambao mpira wa Kimarekani hawaufuatilii kabisa. Umewapanga Tom Brady, Patrick Mahomes, Joe Montana, Peyton Manning na John Elway. Hakuna hata mmoja wa kumdharau hapo. Lakini nilipotaja Warren Moon, kwotabeki wetu wa zamani hapa Houston, ulinijibu kwa maneno mawili tu: "Pete ngapi?" Swali hilo nalisikia kwa kinyozi, kazini, hata msibani watu wakisubiri chakula. Ndiyo maana nimeamua kukujibu hadharani, kwa kirefu.

Tuanze na pete zenyewe, zile wanazovishwa wachezaji wa timu iliyoshinda Super Bowl, fainali ya ligi kuu ya NFL. Brady alivaa ya kwanza Februari 2002, timu yake ya Patriots ilipowafunga Rams 20 kwa 17. Siku ile pasi zake zote zilisogeza timu yadi 145 tu. Ty Law, beki wa Patriots, alinasa pasi ya Kurt Warner wa Rams akakimbia nayo mpaka mwisho wa uwanja, na Adam Vinatieri akamaliza kazi kwa teke la yadi 48 muda ukiyoyoma. Miaka 16 baadaye, Februari 2018, Brady huyohuyo alirusha yadi 505 dhidi ya Philadelphia na akapoteza, 41 kwa 33. Kwa hesabu yako ya pete, siku ya yadi 145 ni utukufu na siku ya yadi 505 ni sifuri. Brady ni mkubwa, simbishii, na kuinuka kutoka 28 kwa 3 mbele ya Atlanta mwaka 2017 kunatosha kumweka popote anapotaka kukaa. Ninachosema ni kwamba pete hutafutwa na watu wengi, na anayezihesabu anapima kikosi kizima.

Kuna mtu mwingine mwenye pete mbili ambaye hukumtaja, Marlin Briscoe. Mwaka 1968, akiwa na Denver, alikuwa Mweusi wa kwanza kuanza mechi kama kwotabeki katika AFL, ligi iliyoshindana na NFL wakati ule. Msimu huo wa kwanza alirusha pasi 14 za tachidauni, yaani za kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, na rekodi hiyo ya chipukizi wa Denver ilidumu zaidi ya nusu karne. Msimu uliofuata hawakumpa tena nafasi. Alikwenda Buffalo wakamfanya mpokeaji pasi, na pete zake mbili alizipata Miami akiwa mpokeaji. Hakuwa ameshindwa kazi. Waliokuwa wanaamua hawakuamini kwamba Mweusi anaweza kusimama katikati, kuisoma safu ya ulinzi na kuwaamrisha wenzake kumi.

Ukilielewa hilo ndipo utamwelewa Moon. Kijana wa Los Angeles, aliyefiwa na baba akiwa na miaka 7. Januari 1978 aliiongoza University of Washington kuifunga Michigan 27 kwa 20 katika Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo vikuu, akatajwa mchezaji bora wa mechi. Kwa kijana mwingine, hiyo ilikuwa tiketi ya kwenda ligi kuu. Yeye alisikia habari za kubadilishwa nafasi. Akakataa, akasaini na Edmonton kule Kanada kabla hata ya siku ambayo timu za NFL huchagua chipukizi.

Sasa angalia mwaka wenyewe, maana hapa ndipo panaponiuma. Mwaka 1978 ndio NFL ilipobadilisha sheria zake. Mabeki walikatazwa kumsukuma mpokeaji akishavuka yadi 5, na wale miamba wa mbele wakaruhusiwa kunyoosha mikono na kufungua viganja wanapomkinga kwotabeki. Pasi ndefu ikapata uhai mpya. Montana aliingia 1979. Marino na Elway waliingia 1983, na mwaka uliofuata Marino akarusha yadi 5,084 na tachidauni 48, namba ambazo watu walizisoma mara mbili mbili. Mlango ulifunguliwa kwa warusha mpira mwaka uleule Moon alipofungiwa, naye akakaa nje misimu sita, tangu miaka 21 mpaka 27.

Alifanya nini huko? Alitwaa Grey Cup, kombe la ligi ya Kanada, mara tano mfululizo, 1978 hadi 1982. Mwaka 1982 alirusha yadi 5,000 kamili, mwaka uliofuata 5,648. Najua utasema ligi ya Kanada si sawa, na uko sahihi: uwanja ni mpana zaidi, timu ina wachezaji 12, na majaribio ya kusogeza mpira yadi 10 ni matatu badala ya manne, kwa hiyo pasi ni nyingi. Mimi sijumlishi tu yadi zake 21,228 za kule na 49,325 za NFL halafu nikapiga meza. Jiulize hivi: mtu aliyeingia NFL akiwa ameshamaliza nusu ya ujana wake, kwenye Houston Oilers, timu iliyoshinda mechi 3 na kupoteza 13 mwaka 1984, akaweka rekodi ya klabu ya yadi 3,338 msimu wake wa kwanza, angefika wapi kama angeanzia hapa?

Mimi ni mtu wa Houston, kwa hiyo kubali kwamba naongea kwa mapenzi. Lakini tuseme mpira. Oilers wakati ule walicheza mfumo wa wapokeaji wanne, bila yule mchezaji wa pembeni anayesaidia kuzuia. Mpokeaji anatoka bila njia iliyopangwa moja kwa moja. Beki akimkaba kwa juu, anakata ndani. Beki akirudi nyuma, anasimama na kugeuka. Kwotabeki naye lazima asome beki yuleyule, sekunde ileile, na afikie uamuzi uleule, kwa sababu mpira unatoka mkononi kabla mpokeaji hajageuka. Wakitofautiana, mpira ni wa adui. Na kwa kuwa hakuna mtu wa ziada wa kukinga, kwotabeki anajua atapigwa, anasimama palepale, na anarusha.

Sasa tazama Desemba 16, 1990, tena kwenye mji wako wa Kansas City, uwanja wa Arrowhead. Chiefs walikuwa na Derrick Thomas, ambaye mwaka ule aliwaangusha makwotabeki mara 20, saba kati ya hizo katika mechi moja. Moon alirudi nyuma hatua zake, mabega yamenyooka, mpira juu karibu na sikio, na alipoachia, ulizunguka bila kuyumba hata kidogo. Haywood Jeffires peke yake alipokea yadi 245. Moon alimaliza na 527, na wakati huo ni Norm Van Brocklin tu aliyewahi kuzidi, kwa yadi zake 554 za mwaka 1951. Houston wakashinda 27 kwa 10, ugenini.

Najua unasubiri nifike Buffalo. Nafika. Januari 3, 1993, Oilers waliongoza 35 kwa 3 dhidi ya Bills wa Buffalo, wakafungwa 41 kwa 38. Moon alirusha yadi 371 na tachidauni 4. Bills walifunga pointi 28 katika robo ya tatu, wakati ulinzi wetu umeyeyuka. Bado Moon aliwarudisha wenzake uwanjani wakapata teke la kusawazisha zikiwa zimebaki sekunde 12. Muda wa nyongeza akarusha pasi iliyonaswa na Nate Odomes, na Bills wakamaliza mechi kwa teke. Pasi ile ni yake, hakuna wa kumsingizia. Lakini ukiniambia mtu aliyeipa timu pointi za kutosha kushinda mechi mbili ndiye aliyeipoteza, tutakuwa tumeacha kutazama mchezo.

Kuhusu Mahomes sina ugomvi na wewe. Februari 2020, kwenye Super Bowl, Chiefs wako nyuma 20 kwa 10, jaribio la tatu na yadi 15 zinahitajika, alirudi nyuma na kurudi tena, akavumilia, akamtumia Tyreek Hill mpira wa yadi 44. Hapo hapo mechi ikageuka. Jaribio la tatu na refu ndicho kipimo changu: kila mtu uwanjani anajua unarusha, na bado unarusha. Nakukumbusha tu kwamba alichaguliwa wa 10 mwaka 2017, akapewa mwaka mzima wa kujifunza nyuma ya Alex Smith. Aliandaliwa, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Februari 2023, alipokutana na Jalen Hurts, ilikuwa mara ya kwanza Super Bowl kuanza na makwotabeki wawili Weusi. Miaka 35 ilikuwa imepita tangu Doug Williams arushe tachidauni nne katika robo moja dhidi ya Denver na kuwa Mweusi wa kwanza kushinda fainali hiyo katika nafasi hiyo.

Na hawa wanaokuja? Lamar Jackson mwaka 2018 bado aliambiwa na watu wenye majina makubwa ajaribu upokeaji. Alikataa, akachaguliwa wa 32, na msimu wake wa pili akawa mchezaji bora wa ligi kwa kura zote. C.J. Stroud, kwotabeki wa Texans wa kwetu hapa Houston, Novemba 2023 alipokea mpira zikiwa zimebaki sekunde 46, yuko nyuma ya Tampa Bay kwa pointi nne, yadi 75 mbele yake. Alizimaliza zote na sekunde 6 zikabaki. Jumla siku ile yadi 470, rekodi ya chipukizi. Sijui atavaa pete ngapi, na sitasubiri hesabu hiyo ndipo niseme nimemwona kwotabeki.

Kwa hiyo orodha yako inahitaji nafasi moja, na mimi ningemtoa Elway. Pete yake ya kwanza, Januari 1998, alirusha yadi 123 bila pasi ya tachidauni. Terrell Davis ndiye aliyekimbia yadi 157 na kufunga mara tatu. Na kumbuka alivyoingia. Mwaka 1983 Baltimore walimchagua wa kwanza, akasema hachezi kwao, na wakamhamishia Denver. Elway alikataa timu, akatafutiwa nyingine. Moon alikataa kubadilishwa nafasi, ikambidi ahame nchi.

Nijibu humu humu, watu wote wasome.

Mjomba wako, Houston