Wapiga picha, tusiiache sauti ya mteja ukumbini

Ndugu Mhariri,

Ninaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wapiga picha wenzangu, hasa sisi wenye studio ndogo za mikoani, kuhusu kazi ya video ambayo wengi wetu tumewaachia wengine kana kwamba haituhusu. Nimo katika kazi hii hapa Morogoro tangu enzi za kusafisha picha kwenye chumba cha giza, na kwa miaka mingi nilishikilia kwamba mpiga picha ni mpiga picha na mtu wa video ni mtu wa video, kila mmoja ale kwa kazi yake. Msimamo huo nimeuacha, na naona ni haki nieleze kilichoniondoa hapo.

Dada mmoja niliyempiga picha kwenye sherehe yake ya kuagwa, ile tunayoiita sendofu, alirudi studio miaka kadhaa baadaye, wiki chache baada ya kumzika baba yake. Picha alikuwa nazo zote, na mojawapo ni kati ya nzuri nilizowahi kupiga: mzee amesimama na kipaza sauti, mkono wa kushoto ameuweka begani kwa binti, machozi yanamlengalenga, anatoa nasaha. Alichokuja kuniuliza ni kama nina sauti. Alitaka kuyasikia tena maneno ya baba yake, kwa sababu siku ile alikuwa akilia na hakuyashika. Sikuwa nayo. Kijana aliyeletwa na kamati kwa ajili ya video, bajeti ilipokuwa imeshabanwa, aliiweka kamera yake karibu na spika, na hotuba yote ya mzee ikatoka kama ngurumo ndani ya pipa. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwa mzee, na kamera niliyoishika ilikuwa na uwezo wa kurekodi video, lakini tangu niinunue sikuwahi kukigusa kitufe hicho.

Najua wenzangu wengi wako kama nilivyokuwa. Tangu mwaka 2008, Nikon ilipotoa D90 na Canon ikatoa EOS 5D Mark II, kamera za picha za mnato za kubadilisha lenzi zimekuwa zikija na video ndani yake, na hiyo ya Canon ilirekodi kwa ubora kamili wa pikseli 1920 kwa 1080. Tumezinunua kamera za namna hiyo, mpya na za mtumba, tukalipia uwezo wote uliomo, kisha tukatumia nusu. Mkulima aliyekodi ekari mbili akalima moja, majirani wangemshangaa.

Wakati huohuo, kazi zilizokuwa zikilisha studio zimepungua mbele ya macho yetu. Anayejiandikisha kwa kitambulisho cha Taifa hupigwa picha palepale ofisini, na anayechukua leseni ya udereva vilevile, wakati zamani picha za vitambulisho ndizo zilizokuwa zikilipa kodi ya chumba. Picha ya familia siku ya Idi au Krismasi inapigwa kwa simu sebuleni. Simlaumu mteja, kwa kuwa simu yake inamtosha kwa jambo hilo. Lakini mteja huyohuyo, akiwa na shule binafsi anayotaka wazazi waione, au nyumba ya wageni njiani kwenda Mikumi, au duka la vitenge analolitangaza kwa simu, anahitaji video iliyotulia na inayosikika, na mara nyingi hajui amwendee nani. Kwaya za makanisa na vikundi vya kaswida hapa kwetu huja studio kupiga picha ya kuwekwa kwenye jalada la albamu, halafu hufunga safari hadi Dar es Salaam kwenda kurekodi video za nyimbo zilezile. Nimewahi kuulizwa na kiongozi wa kwaya, mlangoni, akiwa ameshalipia picha zake: "Na video mnapiga?" Nikamjibu hapana, nikaona nimesema jambo la heshima.

Wapo wanaosema kwamba kushika yote mawili ni kuishusha hadhi ya picha. Mimi ningewakumbusha Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, aliyeanzisha kampuni yake ya Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963 akiwa bado kijana. Mtu huyo alipiga picha za mnato zilizoingia kwenye vitabu na magazeti ya dunia nzima, na hakuona kwamba kubeba kamera ya filamu kunamwondolea upigaji picha wake. Njaa ya Ethiopia ilikuwa imekwisha kuripotiwa kabla hajafika Korem, mji wa kaskazini mwa nchi hiyo, lakini taarifa aliyoipiga yeye, na kutangazwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984 pamoja na mwandishi Michael Buerk, ndiyo iliyowafanya watu wa mbali kuguswa na kutoa, hadi kufikia tamasha la Live Aid la Julai 1985. Kijana wa Dar es Salaam wa miaka ile hakuwa na shule ya video ya kwenda. Alikuwa na jicho la mpiga picha, na juu ya jicho hilo akajifunza mengine.

Jicho hilo ndilo mtaji wetu, na ndiyo sababu nasema tusiogope. Anayetoka kwenye picha ameshajua mwanga unatoka wapi, ameshajua kumweka mtu mbali na ukuta, anajua wakati wa kumsogelea mama wa bibi harusi na wakati wa kumwacha peke yake. Mambo hayo huchukua miaka kujifunza, na vijana wanaoanza moja kwa moja na video wengi hawana. Hata hivyo yapo mazoea yetu ambayo lazima tuyavunje, na hapa naomba nieleze kidogo, kwa kuwa ndipo nilipoteseka. Flashi, ambayo ni mkono wetu wa kulia, haina kazi kwenye video, hivyo inabidi kuwa na taa inayowaka muda wote. Kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga, ya 1/200 ya sekunde tuliyoizoea ukumbini inaleta mistari ya giza inayotembea kwenye taa za tyubu, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50. Anayerekodi fremu 25 kwa sekunde akae kwenye 1/50, na akitoka nje juani aweke mbele ya lenzi kioo cha kupunguza mwanga badala ya kuongeza kasi. Mpiga picha pia ana tabia ya kurukaruka, akishapata lake anahama. Video inataka utulie, uhesabu angalau hadi kumi ndipo uhame, na uamue mapema kama kazi itatazamwa kwenye televisheni au kwenye simu, maana huwezi kuilaza na kuisimamisha kamera katikati ya hotuba.

Sauti, hata hivyo, ndiyo somo lenyewe. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini maneno yasiyosikika humfanya azime. Maikrofoni iliyomo ndani ya kamera inasikia feni, vijiko na watoto kabla ya kumsikia mzungumzaji. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba fedha ya kwanza isiende kwenye lenzi mpya, wala kwenye droni, ambayo kwanza inahitaji vibali kabla ya kuirusha. Iende kwenye kinasa sauti kidogo cha kubandika kifuani kwa bwana harusi, au cha kuunganisha kwenye miksa ya fundi wa muziki, na umwone fundi huyo mapema kabla wageni hawajaingia, umsalimie na kukubaliana naye. Kifaa hicho ni cha bei ya chini kuliko lenzi nyingi tunazozitamani. Laiti ningekuwa nacho siku ile ya sendofu.

Lipo pia suala la bei, na hapa tunajiumiza wenyewe. Nimeona wenzangu wakianza video kwa kuitoa bure kama nyongeza ya albamu ili kumvuta mteja, kisha wakakata tamaa. Video ina kazi ambayo mteja haioni. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa moja, kwa hiyo sherehe moja inaweza kujaza diski kabla ya keki kukatwa, na baada ya hapo zipo siku za kukaa mbele ya kompyuta kuchagua, kukata na kusawazisha sauti. Hayo yote yaandikwe kwenye bei tangu siku ya kwanza, pamoja na malipo ya mtu wa pili, kwa sababu katika sherehe moja mtu mmoja hawezi kupiga picha na video kwa pamoja bila kuharibu zote mbili. Nimejaribu, nikakosa pete ikivishwa. Na kwa kazi za matangazo ya biashara, tusiweke wimbo wa msanii bila ruhusa yake, kwani Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda yeye kama inavyozilinda picha zetu.

Kwa kamati za harusi nina ombi moja. Kifungu cha video kisiwe cha mwisho kupangiwa fedha na cha kwanza kupunguzwa michango inaposuasua. Chakula kitakwisha usiku huohuo na mapambo yatashushwa asubuhi, lakini maneno ya wazazi hayasemwi mara ya pili. Na vyuo vyetu vya ufundi vingetusaidia sana vikianzisha mafunzo mafupi ya jioni ya kunasa sauti na kuhariri, kwa watu ambao tayari wana studio na hawawezi kuzifunga kwa mwaka mzima kwenda darasani.

Wakati tukisubiri hayo, kwa wenzangu wa Morogoro walio tayari kujaribu, studio yangu iko wazi kwa ajili hiyo kila Jumatatu mchana, siku ambayo harusi ni nadra. Waje na kamera walizonazo, hata kama ni kuukuu, pamoja na chaja zake, tuanze na kitufe kile ambacho hatujawahi kukibonyeza.

Wako katika kazi,
Mpiga picha,
Morogoro