Saa uliyomtumia Mama iko msumarini

Kaka, shikamoo.

Ile saa inayotoa taarifa mtu akianguka, uliyomtumia Mama, ilifika salama. Naandika hadharani si kwa kukuaibisha. Nyie mlio Dar mnaowatumia wazazi vitu vya namna hii huku Mikindani, Mtwara, mko wengi, na maneno yangu kwenu ni yaleyale.

Siku ya pili Mama alikuwa uani anatwanga mpunga. Alipochoka akauegemeza mchi, akajibwaga mkekani, akatulia. Saa ikamtikisa mkono na kuandika Kiingereza. Akadhani ni simu inaita, akaiacha. Ukapata taarifa wewe huko kazini, ukanipigia huku unahema. Nilikuwa sokoni, nikarukia bodaboda nikijua nakwenda kumwokota. Nikamkuta na ungo, anapepeta.

Siilaumu saa, ndivyo ilivyoundwa. Ndani yake mna sensa, yaani kitambuzi, inayosikia mwili unashuka ghafla, kisha kishindo, kisha kimya. Usipoigusa, inaita watu. Ila kumbuka: inaita mtu akishaanguka. Haimshiki asianguke.

Na kuna hili ambalo wewe huko hulioni. Mwaka jana Mama alianguka kabla ya adhana ya alfajiri, anatoka chooni kwenda kutawadha, umeme umekatika. Sasa fikiria: akitaka kutawadha anaivua saa, anaitundika kwenye msumari pale karibu na ndoo. Usiku inachajiwa. Kwa hiyo nyakati zile za hatari, anapoamka gizani na anapokanyaga maji, mkono wake ni mtupu.

Nikaamua kuitazama ile njia ya kutoka kitandani mpaka chooni. Nilinunua taa mbili za sola zenye sensa, zile zinazowaka mtu akipita, maana hazingoji umeme. Fundi akaifunga moja juu ya mlango wa choo. Usiku wa kwanza Mama alitembea gizani uani kote, taa ikawaka alipokwisha kufika! Kumbe sensa hizi hunasa joto la mwili linalokatiza mbele yake, si linaloijia moja kwa moja. Tukaihamishia ukuta wa pembeni. Siku hizi akivuka tu kizingiti, ua mzima mweupe. Chumbani nimeweka kataa kadogo ka betri chini ya kitanda. Kanamulika miguu bila kumpiga machoni.

Lakini kifaa kilichonifumbua macho ni mashine ya kupimia presha, ileile uliyoleta Idi ikawa imekaa kabatini. Mama alikuwa akisema, "Nikiinuka, nyumba inazunguka." Nikamlaza dakika 5, nikapima: 148 kwa 84. Akasimama, nikapima baada ya dakika 1, nikarudia baada ya dakika 3: 121 kwa 76. Presha ya juu (namba ya kwanza) ikishuka 20 au zaidi mtu akisimama, au ya chini (namba ya pili) ikishuka 10 au zaidi, hilo ni jambo la kumpelekea daktari. Niliandika vipimo vya wiki nzima kwenye daftari la mjukuu wake, tukaenda. Daktari akataka kuona dawa zote, siyo kutajiwa. Kidonge cha kukojosha alikuwa anameza jioni, ndiyo maana anaamka mara tatu usiku; kikahamishiwa asubuhi. Dozi ya presha nayo ikapunguzwa. Hayo aliyabadilisha daktari. Wewe usije ukamwambia mama mkwe wako aache dawa kwa sababu umesoma hapa.

Simu nayo imefanya kazi. Kuna kipimo rahisi: anakaa kwenye kiti, anainuka, anatembea mita 3, anageuka, anarudi kukaa, nawe unahesabu kwa saa ya simu. Sekunde 12 au zaidi, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Mama alipata 18. Sasa kila baada ya alasiri anainuka na kukaa kitini mara kumi, kiti kimeegemezwa ukutani, mjukuu anahesabu kwa sauti kama kuli wa bandarini. Juzi alipata 15.

Shingoni amevaa kitochi, kile kisimu kidogo, chenye kitufe kikubwa cha dharura, kwa kamba, hata akienda kutawadha. Akikibonyeza kinapiga kwangu, nisipopokea kinapiga kwa jirani. Wewe ni wa tatu. Usinune, uko zaidi ya kilomita 500.

Usidhani nakuza mambo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani sisi.

Kilichobaki hakina betri. Sakafu ya choo ilipigwa niru ikang'aa kama sahani. Ikilowa, hata mimi natembea kama kinyonga. Fundi anataka kuipasua juu na kuimwaga upya iwe na mikwaruzo, na kufunga bomba la kushikia ukutani. Saruji mifuko miwili, bomba, na ujira wake. Ukituma Ijumaa, Jumatatu anaanza.

Kuhusu saa, mjukuu wa Mama wa kidato cha pili ameshaanza kuiulizia. Mama anasema nisiitoe kwanza. Akienda harusini ataivaa.