Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024, Pamoja na Maelezo Kuhusu Ile Bunduki ya Mahiwa

Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, wajumbe wa kamati, wazee wetu na wanachama wenzangu mliofika hapa Lindi: asalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe.

Nasema "mliofika" kwa makusudi. Daftari la mahudhurio pale mlangoni lina majina 14, na mawili kati ya hayo ni ya vijana walioingia kuuliza ukumbi utaachiwa saa ngapi ili wapambe harusi. Chama chetu cha kumbukumbu za Vita ya Kwanza ya Dunia kina wanachama 65. Taarifa hii imechapwa na itapelekwa kwa wasiofika pia, mtu asije akasema hakuambiwa.

Shughuli za mwaka

Nitapita haraka, mnazijua. Machi wanachama 9 tulikwenda Sudi kuitazama ghuba ilikotia nanga Marie, ile meli ya Kijerumani iliyowaponyoka Waingereza Machi 1916 ikashusha mizinga na risasi. Tulikula pweza, tukarudi. Mei hatukufanya lolote, Kimbunga Hidaya kilikata barabara kule Kilwa na kila mtu alikuwa na lake. Juni tulisafisha vifaa kwa mafuta ya taa na brashi. Oktoba tulikuwa Mahiwa na Nyangao, kama kila mwaka, kuwakumbuka askari na wapagazi wa vita vya tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917. Nilieleza kwa ufupi (Katibu ameandika "saa moja na nusu") jinsi watu wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wapatao 1,500 walivyowasimamisha Waingereza na askari wao wa Nigeria, jumla karibu 4,900, na jinsi Waingereza walivyopoteza watu wanaokaribia 2,700 kwa vifo na majeraha. Mshindi ndiye aliyekimbia. Mwezi uliofuata alikuwa ameshavuka Ruvuma kuingia Msumbiji.

Tumepokea wanachama wapya 4. Tumezika 2, Mwenyezi Mungu awarehemu.

Mali za chama ni maganda ya risasi 212, singe 3, vitako 2 vya Lee-Enfield (bunduki ya Mwingereza), mtutu 1 uliopinda ambao watoto wa mwenye shamba walikuwa wanapulizia moto, vifungo vya sare 17, na sanduku la bati lenye maandishi ya Kijerumani yasiyosomeka. Magobore 3 mnayoyaona kwenye picha si ya chama. Ni ya wanachama wenye leseni zao, yanalala kwa wenyewe.

Mapato na matumizi

Mapato: ada 391,000, viingilio 40,000, mchango wa mwanachama wetu aliyeko Dar es Salaam 250,000, jumla shilingi 681,000. Matumizi: kodi ya chumba 360,000, mafuta ya gari la Mahiwa 180,000, vifaa vya usafi na kufuli mbili 95,000, karatasi na uchapaji 27,500, jumla 662,500. Baki ni 18,500. Kabati la vioo halimo kwenye hesabu hizi kwa sababu nililigharamia mimi mwenyewe, 140,000 taslimu kwa fundi, wala sijadai kurudishiwa. Nalitaja tu kwa kuwa kuna mtu aliuliza limetoka wapi.

Sasa ada. Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi, 24,000 kwa mwaka. Kwa wanachama 63 tulioanza nao mwaka, tulitakiwa tukusanye 1,512,000. Tumekusanya 391,000. Pungufu ni 1,121,000. Ningekuwa nimeandika taarifa hii mwaka wa korosho mbovu ningenyamaza, maana nami ni mkulima na najua salfa ya kupulizia mikorosho inavyokula mtu. Lakini msimu huu mnada ulipofunguliwa bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Tumeona pikipiki mpya. Tumeona mabati mapya. Kuna mwanachama mwenye deni la miaka mitatu ambaye Novemba alichinja mbuzi wawili kumtoa mwanawe jandoni, akanialika, nikaenda, nikala, sikumkumbusha. Nilimwonea haya. Kilo saba za korosho, ndugu zangu, zingemlipia mwaka mzima na chenji ikabaki.

Mahudhurio

Mwaka huu niliitisha mikutano 6. Wa kwanza walikuja 19, wa pili 11, wa tatu ni ule wa kimbunga, wa nne 8, wa tano 4, na huu wa leo. Naomba mkumbuke hasa huo wa watu 4. Ulikuwa wa dharura, wa tarehe 7 Septemba, na ajenda ilikuwa moja: bunduki ya Mahiwa. Niliwapigia watu simu mmoja mmoja kwa vocha yangu. Wengine walisema wako ming'okoni wanachimba viazi pori, wengine wamefiwa. Mtani wangu mmoja, ambaye leo ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote, alisema atakuja "jua likipungua". Halijapungua mpaka leo.

Suala la bunduki

Nimeambiwa nimeiuza. Nimeambiwa imepelekwa Dar es Salaam, kuna mzungu katoa milioni mbili. Niliikabidhi polisi, na hati ya makabidhiano nimeibandika ukutani hapo nyuma, yenye muhuri, tarehe 9 Septemba, na mwenye macho asome. Lakini kwa vile katika mikutano yote watu wamesikia habari nusunusu, naeleza kuanzia mwanzo.

Mwishoni mwa Agosti mwanachama mwenzetu alikuwa anachimba shimo la choo kwake, upande wa Mahiwa. Kwenye kina cha kiuno jembe likagonga chuma. Akatoa bunduki nzima, mti umeliwa na mchwa karibu wote, chuma kimevaa kutu lakini kimeshikana, bolti ipo, kifyatuo kipo. Pembeni yake palikuwa na risasi tano zimegandamana na udongo. Hakumwambia mtu. Aliifunga kwenye mkeka akaniletea usiku, na kwa hilo nampongeza hadharani.

Nilipoisugua ubavuni kwa kitambaa ikatokea namba 71. Hapo nilikaa chini. Wengi wenu mnadhani kila bunduki ya Mjerumani ni Mauser ya mwaka 98, ile ya risasi tano ndani, mtutu wa milimita 7.92. Hii ni Mauser ya 1871, nyanya yake. Haina magazini, unatia risasi moja, unapiga, unafungua, unatia nyingine. Mtutu wake ni milimita 11. Risasi zake zilijazwa baruti nyeusi, zikipigwa zinatoa moshi wa kumwonyesha adui mahali ulipo. Vita ilipoanza 1914 askari wengi wa Mjerumani huku kwetu walikuwa bado na hizo, na ni huo moshi uliowafanya wafurahie kila Lee-Enfield waliyoiteka. Kwa mkusanyaji, kupata 71 iliyokamilika kutoka kwenye udongo wa Mahiwa ni sawa na kuokota pembe ya ndovu njiani. Msidhani sikulijua hilo. Mimi ndiye niliyelijua kuliko wote, na nilikaa nayo chumbani siku nane nikiitazama.

Siku ya sita nilijaribu kuifungua. Bolti ilikataa. Nikamulika tochi nyuma, nikaona kitako cha shaba. Ilikuwa na risasi ndani.

Hoja za wanaonipinga ni tatu. Ya kwanza, kwamba ingechomelewa mtutu kwa fundi wa mageti, ikawa pambo, ikakaa kwenye kabati. Nani kati yenu angekwenda kumshikia fundi akiuwasha moto kwenye chuma chenye risasi? Ya pili, kwamba baruti ya miaka mia moja imeoza. Baruti nyeusi haiozi kama muhogo. Ikilowa inalala, ikikauka inaamka, na ile iliyofungwa vizuri ndani ya ganda lake hailali kabisa. Ya tatu, ambayo ina nguvu zaidi na siikwepi, ni kwamba ibara ya 9 ya katiba yetu inasema mali ya chama haitolewi bila theluthi mbili ya wanachama. Jibu langu ni kwamba theluthi mbili ya watu 65 ni 44, nami nilikuwa na watu 4 na thermosi ya chai. Na pia, bunduki isiyo na leseni haiwezi kuwa mali ya chama. Ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mimi si wa kubishana nayo kama silaha ni ya babu au ni ya jana. Kama askari wangeikuta chumbani, ambaye angelala ndani ni mwenye funguo, na funguo ninazo mimi.

Haya nimeyasema mara nyingi barazani. Lipo moja sijalisema, na Katibu ameniuliza kama ni la kuandikwa kwenye taarifa. Nimeona liandikwe.

Mimi nimezaliwa bonde la Lukuledi, mwendo wa mguu kutoka Nyangao. Babu yangu alikuwa mpagazi katika vita ile, kijana wa miaka kumi na saba hivi, alibebeshwa masanduku ya risasi na hakuwahi kujua ni ya upande gani mpaka yalipofunguliwa. Gobore lake alilichomeka kwenye dari juu ya meko, limepakwa moshi mpaka linang'aa, na akilishusha usiku kufukuza nguruwe kwenye mtama tulijua kesho kuna nyama au kuna matusi. Harufu ya nyumba ile naijua mpaka leo, moshi, mabibo yaliyochachuka na ngozi ya mbuzi. Siku za uraka, pombe ya mabibo, wazee walikaa chini ya mkorosho na babu akasimulia Mahiwa kwa vidole, huku Mjerumani, huku Mwingereza, na katikati sisi na mizigo.

Sisi watoto tulikuwa na Mahiwa yetu. Mvua za kwanza zikinyesha, maganda yalijitokeza shambani kama uyoga. Tuliyapulizia mdomoni yakalia kama filimbi, na kila ganda lilikuwa na sauti yake. Lakini tulichokitafuta hasa ni zile nzima, nene, zenye kichwa cha madini laini, kwa sababu kichwa kile kilifaa kutengenezea chubwi la mshipi. Leo najua zilikuwa za 71. Ulikuwa unaiegemeza kwenye jiwe unagonga kichwa taratibu mpaka kilegee, unamwaga ule unga mweusi, unauwasha, fyuu, mnacheka.

Mwaka 1966 niliokota moja nikampa binamu yangu aigonge, kwa kuwa yeye alikuwa na mkono mwepesi. Ilipasuka. Alipoteza vidole viwili vya kushoto na jicho moja halikurudi vizuri. Alibebwa kwa baiskeli mpaka misheni, mimi nikikimbia nyuma nimeshika kandambili zake. Nyumbani nilisema aliiokota yeye. Yeye naye hakunikana, mpaka alipofariki mwaka juzi. Wengi wenu mlimzika.

Basi nilipomulika tochi na kukiona kile kitako cha shaba, sikuwaza katiba.

Risasi zile tano polisi walisema zitaharibiwa na wataalamu, pamoja na ile ya ndani wakiweza kuitoa. Kuhusu bunduki yenyewe nimeandika barua mbili, nikiomba ikishafanywa salama ipelekwe makumbusho na jina la chama liandikwe kwenye kibao. Jibu halijaja. Nimeulizwa kama nilipaswa kuomba jina la aliyeichimba liandikwe badala ya la chama. Kweli, hilo sikulifikiria, na litarekebishwa katika barua ya tatu.

Mipango ya mwaka ujao

Panapo majaliwa tutatafuta chumba kikubwa zaidi. Tutatembelea Newala, walikofukuzwa Wareno mwaka 1916, usafiri ukipatikana. Kuna wazo la kuwarekodi wazee waliobaki ambao baba zao walikuwa wapagazi, na kijana mmoja ameahidi simu nzuri. Tunatarajia pia kuanzisha mradi wa kuku. Wadaiwa sugu watashughulikiwa.

Kwa wanaotaka niachie kiti, uchaguzi ni mwakani na fomu hazina gharama. Mwaka huu pia zilikuwepo, hakuna aliyechukua.

Mwanachama yeyote atakayeokota kitu shambani, naomba asikisugue, asikigonge, asiniletee usiku. Anipigie, nitakuja mimi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti

(Funguo za chumba zipo kwangu. Anayetaka kukagua maganda aje kabla ya saa nne asubuhi, baada ya hapo naenda shamba.)